Vifundo vya Katani kwenye Gari la Mama Danieli

Plaizi nimeiweka chini. Nyinyi mnaobaki pale karakana Chumbageni mmenitaka niwaandikie nilivyofanya kazi, nami naandika, ila msitegemee maandishi ya mwalimu. Shule niliiacha darasa la nne na wala haikunililia. Nyumba yangu, watoto wangu waliosoma, jina langu hapa mjini Tanga, vyote vimetoka kwenye umeme wa magari. Habari za kupanda cheo sina, maana karakana ilikuwa yangu na cheo nilijipa mwenyewe. Nitawaeleza siku ya kwanza, na mtu aliyenifundisha, na vifaa kidogo, kisha nitawaeleza gari la mwisho. Hilo la mwisho ndilo refu. Mwenye haraka akachaji betri.

Aliyenifundisha aliitwa Fundi Bakari, Mdigo, mwembamba kama waya wa namba ndogo, kofia yake kichwani hata akiwa chini ya gari. Karakana yake ilikuwa Ngamiani, uzio wa mabati na mchanga mweusi kwa oili. Siku ya kwanza nilikwenda na shati jeupe, kwa sababu mama alisema kazini mtu huenda nadhifu. Fundi Bakari aliniangalia kuanzia kola mpaka vifungo.

"Shati hilo, umekuja kuoa?"

"Nimekuja kazini, Fundi. Shikamoo."

"Marahaba. Basi livue, tulifutie betri."

Akalifutia betri kweli. Asidi ikalitoboa, na mama akanuna wiki nzima. Mimi nikajua nimefika mahali ambapo mtu hasemi neno la kupamba.

Alikuwa na tabia moja iliyowachekesha wapita njia. Asubuhi, kabla ya kushika chochote, husimama mbele ya gari, mikono nyuma, akaliangalia usoni kama unavyomwangalia mgonjwa. "Umeamkaje, bwana?" Halafu hukaa kimya, kama anayesubiri kujibiwa. Wateja walidhani ni utani. Haukuwa utani. Kwa kuliangalia usoni tu alijua taa ipi ina jasho ndani ya kioo, ipi imefifia kuliko mwenzake, na bampa lipi limeguswa na mtu asiyesema ukweli. Mimi nimefanya kazi na mafundi wa Dar, wa Mombasa, na Mhindi mmoja aliyekuwa hodari wa magavana ya dainamo, vile vidude vinavyopima umeme unaoingia kwenye betri. Sijaona jicho kama lile.

Desturi ya karakana ilikuwa hivi: mkia wa gari ni wa mwanafunzi, uso ni wa fundi. Taa za nyuma unafanya wewe, unakosea, unarudia, unapigwa kofi la kisogo. Za mbele anafanya mwenyewe, nawe huulizi. Nilikaa mikiani miaka mingi. Nilizijua taa za breki kuliko nilivyowajua shangazi zangu.

Na huko mkiani ndiko nilikofundishwa jambo kubwa la kazi yetu, nalo ni ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri. Waliounda magari waliamini bati. Umeme unakwenda kwenye taa kwa waya, unarudi kwa kupitia bodi. Kwao huko sawa. Hapa kwetu chumvi inakuja na upepo, inaingia kwenye kila skrubu, na kutu haipitishi umeme. Ndiyo maana ukikanyaga breki indiketa inacheka, na ukiwasha indiketa taa ndogo zinakonyeza. Umeme umekosa njia ya kurudi, unapita kwa jirani. Fundi Bakari alisema, "Bati la Tanga silikopeshi umeme wangu." Kila taa aliipa waya wake wa kurudi mpaka kwenye betri. Kazi mara mbili, na wateja walilalamika. Magari yake yalirudi kwa mambo mengine, kwa taa hayakurudi.

Sasa waya zikiwa nyingi, utazijuaje? Rangi hufa. Waya za zamani zilikuwa za kitambaa, na baada ya miaka zote zinakuwa rangi moja, ya chai iliyolala. Kuandika hakuandika, hakujua. Alitumia uzi wa katani, tunao tele, mkoa huu ulijengwa kwa mkonge. Alipaka uzi nta ya nyuki, akaufunga kwenye waya. Kifundo kimoja, indiketa ya kushoto. Viwili, ya kulia. Vitatu, breki. Waya wa kurudi alikuwa anauzungushia uzi wote mpaka mwisho. Unaingiza mkono kwenye buti, hakuna mwanga, kichwa chako kimebanwa na tairi la akiba, na vidole vinasoma. Watu walisema vifundo vile ni uganga. Mimi nasema yule mzee alivumbua maandishi yake mwenyewe, na mpaka leo yanasomeka, wakati rangi za kiwandani zimefutika.

Alipofariki nilihamia Chumbageni nikafungua pangu. Hiyo miaka yote ya katikati naipita haraka, maana mmeisikia kila siku mkila mihogo. Niseme tu habari ya kifaa kimoja. Taa ya kupimia itengenezeni wenyewe kwa globu ya zamani ya breki, waya mbili na koleo dogo la mamba. Hizi za kununua zenye kitaa kidogo cha LED ndani ya mpini zinadanganya. LED inaridhika na umeme kidogo mno, hivyo waya ulioliwa na kutu ukabaki uzi mmoja bado utaiwasha, nawe utasema waya ni mzima. Globu ya zamani inataka kushiba. Ikififia, ujue njia ni mbovu.

Halafu niseme habari ya Zawadi, ingawa najua anasoma na atanuna. Zawadi alikuwa fundi cherehani Pongwe. Alikuja kwangu kutengenezewa mota ya cherehani, akasimama ananiangalia ninavyofunga waya, akasema, "Mzee, fundo hilo litafunguka." Likafunguka. Sikumchukua kwa huruma, nilimchukua kwa ajili ya vidole vyake. Mtu aliyezoea kushona tundu la kifungo kwenye hariri, waya wa gari kwake ni kamba ya ng'ombe. Sasa ndiye mwenye ufunguo wa karakana, na aliyekuwa akinicheka kwa kumpa mwanamke karakana, mwaka huu gari lake lilitengenezwa na nani? Anajijua.

Magari ya siku hizi Zawadi alifanya mbele na nyuma, soketi zake ni za kuchomeka tu. Lakini yakija ya zamani, yale yenye waya za kitambaa na vifundo, nilishika desturi. Yeye mkia, mimi uso. Msinune, nitafika huko.

Sasa gari la mwisho.

Mama Danieli ni Mshambaa, Mlutheri, mjane, anaishi kwenye machungwa yake nje kidogo ya Muheza. Marehemu mumewe alikuwa karani kwenye shamba la mkonge, na mzungu mmoja wa shamba alipoondoka alimwachia saluni ya Kiingereza, rangi ya maziwa, mapezi mawili nyuma kama papa, taa za mbele za mviringo zilizokaa ndani ya pete za kromu. Gari zuri. Nimeona mengi, ila lile ukilitazama unanyoosha mgongo. Mama Danieli alilirithi akajifunza kuliendesha akiwa mtu mzima, na hajaacha. Siku za kazi anapeleka machungwa kwa wateja wake mjini. Jumapili anawazungukia bibi wa kwaya wasioweza tena kutembea mpaka kanisani, anawapanga nyuma kama mayai, anawapeleka na kuwarudisha.

Basi siku moja ya mvua, kwenye barabara kuu, lori lilimgusa nyuma. Halikumuumiza, lilikunja bampa. Dereva aliteremka akaapa kwamba hakuona breki, na mimi namwamini. Dainamo ya gari lile, injini ikiwa taratibu, haitoi umeme wa kutosha. Ukikanyaga breki huku taa za mbele zinawaka na indiketa inapiga, zote zinagawana kidogo kilichopo. Breki inakuwa kaa la sigara.

Danieli, mwanawe wa pekee, anafanya kazi bandarini. Walikuja pamoja karakana, mama anaendesha, mwana amefuata nyuma na gari lake.

"Shikamoo, Mzee," Danieli akasema. "Nimekuja uwe shahidi. Gari hili nalichukua, nitaliweka kwangu chini ya turubai."

"Marahaba. Na mama atakwenda na nini?"

"Nitamtafutia dereva wa bajaji."

Mama Danieli alikuwa bado ameshika usukani. "Bajaji ya watu watatu," alisema. "Bibi wa kwaya wako watano. Wawili niwafunge juu?"

"Mama, lori limekugonga."

"Limenigusa."

"Mara ya pili litakugonga."

Yule kijana hakuwa mtu wa kiburi. Alikuwa anaogopa, na mtu anayemwogopea mama yake humwambii kitu. Mama naye akasema neno moja ambalo sijalisahau: "Ukinichukulia gari, Danieli, umenizika nikiwa nakuangalia."

Ndipo Zawadi akatoka chini ya gari jingine akasema, "Shikamoo, Bibi. Tukiweka LED litaonekana."

Mimi LED nilikuwa nazichukia, na hilo mnalijua. Niliziita taa za harusi. Kila bodaboda imezijaza, za kijani, za zambarau, hujui linakuja pikipiki au duka la simu. Lakini mbele ya watu sikutaka kubishana na fundi wangu. Nikahesabu kichwani: LED inakula kidogo, dainamo dhaifu itaimudu, breki haitafifia injini ikiwa taratibu. Yule binti alikuwa amesema kweli kwa sentensi moja.

Danieli akakubali kwa sharti. Gari likiisha, tutalijaribu Pongwe, mchana jua likiwa kali. Akiiona breki na indiketa kwa mbali, mbele na nyuma, mama aendelee. Asipoziona, au kukiwa na lolote la kutia shaka, funguo anachukua siku hiyo hiyo. Mama akasema sawa. Wakapeana mikono kama watu wa sokoni.

Tukafungua taa za nyuma. Zawadi aliingiza mkono kwenye buti, kisha akanitazama.

"Mzee. Kuna katani humu."

Nikaingiza mkono wangu. Kifundo kimoja. Viwili. Vitatu. Nta imekauka lakini uzi haujaoza. Gari lilipita kwa Fundi Bakari kabla mimi sijavuliwa lile shati. Sitaandika nilivyojisikia. Niliuacha mkono wangu humo buti kwa muda, basi.

Kwa sababu ya vifundo vile hatukulazimika kung'oa waya wa zamani. Kila taa ilikuwa na njia yake ya kurudi, safi. Tulipopachika globu za kwanza za LED, hazikuwaka. Zawadi akasema wa dukani wametuuzia mbovu. Nikamwambia hapana, hili ni la Kiingereza la zamani, chanya ndiyo iliyofungwa kwenye bodi, hasi ndiyo inayotembea kwenye waya. Globu ya kawaida haijali umeme unaingia mlango gani. LED inajali. Ni mlango mmoja tu, ukija na mwingine hakufungulii.

Andikeni hili, maana hamtakutana nalo mara nyingi. Tuligeuza betri. Tukabadilisha nafasi za waya mbili za koili, ile ya cheche za injini. Na kabla ya kuwasha injini tukaifundisha dainamo, kwa kugusisha waya wa betri kwenye kichwa chake kile kidogo, cheche moja, mbili, basi. Dainamo ni kama mzee aliyelala nyumba ikageuzwa mlango. Usipomwamsha ukamwonyesha, atatoka kwa dirisha. Kibati cha indiketa nacho tulibadilisha. Kile cha zamani kinapiga kwa joto la globu, na LED haina joto la kukiamsha, ingewaka tu bila kukonyeza. Nyuma tuliweka globu nyekundu ndani ya kioo chekundu, maana nyeupe ndani ya kioo chekundu inatoa rangi ya pipi. Tulichagua zinazomulika pembeni, siyo mbele tu, ili kile kisahani cha ndani kinachorudisha mwanga kifanye kazi yake.

Taa kubwa za mbele, kabla ya kutoa globu za zamani tulisimamisha gari mbele ya ukuta tukauchora chaki pale mwanga ulipoishia. Tukaweka LED ambazo kitone chake kinakaa palepale uzi wa globu ulipokaa, tukarudi kwenye chaki. Msiporudi kwenye chaki mtamulika macho ya watu, na hao ndio wanaotukanwa barabarani kila siku.

Soketi za indiketa za mbele zilikuwa zimeliwa zote, tukazikata. Waya zikabaki zinaning'inia nyuma ya wavu wa rejeta, kifundo kimoja, vifundo viwili. Hapo nikamwambia Zawadi, "Uso fanya wewe."

"Mzee, desturi?"

"Mimi naondoka. Unataka nikaufanyie uso wa gari kaburini?"

Alikwenda kunawa mikono kwanza, kama anayekwenda kushika kitambaa cha watu. Akafunga soketi mpya, kifundo kimoja upande wa kushoto wa gari, viwili upande wa dereva, kama nilivyomfundisha. Sijaona kazi safi kama ile. Kila fundo limelala, kila tepu imekaa, hata huko ndani ambako hakuna mtu atakayeona. Kisha tukajaribu. Mama Danieli kwenye usukani, Zawadi nyuma, mimi mbele.

"Kushoto," nikaita.

"Kushoto inawaka," Zawadi akajibu nyuma.

"Na huku kushoto inawaka. Kulia."

"Kulia inawaka."

"Na huku."

Kazi imekwisha, nikasema. Nikaosha mikono.

Pale Pongwe kuna uwanja kando ya barabara kuu, na njia ya vumbi inayoutenga na lami. Jua lilikuwa la kupasua kichwa. Danieli alikwenda na gari lake mbali nyuma ya mama, akamwambia akanyage breki. Akakanyaga. Danieli akarudi anatikisa kichwa kwa kushangaa.

"Zile zinaonekana kama zimetoka dukani leo."

"Zimetoka dukani leo," Zawadi akasema.

Akacheka, mara ya kwanza kumwona anacheka. Akamwambia mama aende mbele, ageuze, arudi kwetu, na aingie uwanjani. Sisi tukasimama ukingoni. Mama Danieli akageuza, akaja taratibu, shingo imenyooka, kofia yake ya kanisani kichwani kwa heshima ya siku. Uwanja ulikuwa kushoto kwake. Indiketa ikaanza kupiga. Bodaboda aliyekuwa anatoka upande wetu kumwelekea akakanyaga breki ghafla, pikipiki ikayumba, na gari likaingia uwanjani, kushoto, bila kumgusa.

"Bibi," yule bodaboda akaita, "unaonyesha kule unaingia huku, unataka nife kwa ajili ya nani?" Akaondoka anasonya.

Danieli alikwenda dirishani. Hakupaza sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Mama. Umeonyesha kulia ukaingia kushoto."

"Nimeonyesha kushoto."

"Tumeona wote."

"Danieli, mimi nimeonyesha kushoto."

"Mama." Akanyoosha mkono kuelekea funguo. "Siyo gari. Umechoka tu. Siyo aibu."

Mama Danieli akaitazama mikono yake juu ya usukani, wa kushoto, kisha wa kulia, kama mtu anayehakikisha ni ya kwake. Ndipo akasema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, "Labda nimekosea."

Nimeona magari yameungua. Nimeona injini imepasuka mbele ya mwenyewe. Hakuna lililonikata kama lile. Kwa sababu mimi nilikuwa na macho, na taa ya kulia ya mbele kweli ndiyo iliyopiga.

"Kaka Danieli, subiri," Zawadi akasema. "Bibi, usiguse chochote. Acha swichi ilivyo."

Swichi ilikuwa imelala kushoto. Zawadi akazunguka nyuma: kushoto inapiga. Akaja mbele: inapiga ya upande wa dereva. Nyuma kushoto, mbele kulia.

"Bibi hajakosea," akasema. "Ni sisi."

"Umefuata vifundo?" nikamwuliza.

"Nimefuata."

"Basi haiwezekani. Vifundo vya Fundi Bakari havikosei."

Zawadi alichuchumaa mbele ya gari, akaliangalia usoni, akauinua mkono wake wa kushoto, akautazama. Kisha akaniuliza akiwa palepale chini.

"Mzee, Fundi Bakari akifunga waya wa mbele alikuwa anasimama wapi?"

Sikuhitaji kufikiri. Niliona ndara zake. "Hapo ulipo wewe. Analiangalia usoni. Anamwuliza ameamkaje."

"Na wewe kule karakana, ulipoita kushoto inawaka, ulisimama wapi?"

Nikaitazama miguu yangu.

"Mzee?"

"Hapohapo."

"Kushoto kwako au kushoto kwa gari?"

Mama Danieli ndiye aliyeanza kucheka. Akacheka mpaka kofia ikateleza, akaishika.

Maana yake ni hii, nanyi ieleweni mpaka mtu wa mwisho. Ukisimama nyuma ya gari, kushoto kwako ni kushoto kwake. Ukisimama mbele mkitazamana, kushoto kwako ni kulia kwake. Fundi Bakari alifunga vifundo vya mbele akiwa ametazamana na gari, kwa mkono wake mwenyewe. Mimi nikarithi na sikujua kama nimerithi. Kwenye magari yangu nilifunga hivyohivyo, swichi nikawasha mwenyewe nikazunguka kuangalia, yakatoka sawa maisha yangu yote. Zawadi nilimfundisha kwa mdomo, kifundo kimoja kushoto, bila kumwambia kushoto kwa nani, kwa kuwa usoni sikuwahi kumruhusu afike. Akafunga kwa kushoto kwa gari, kama mtu yeyote mwenye akili. Nami nikasimama mbele nikaita kwa mkono wangu, na makosa yakaitikiana vizuri kama kwaya.

Desturi ile nimeifuta. Anayeingia karakana leo aanzie anapotaka, mkiani au usoni. Nampenda Fundi Bakari kuliko mafundi wote niliowahi kuwaona, na kazi yake imekaa kwenye chumvi hii kuliko sisi wenyewe. Lakini jambo ambalo fundi analifanya peke yake, akiondoka linabaki fumbo.

Zawadi alihamisha waya mbili, nilipomaliza kutafuta miwani yangu alikuwa ameshafunga tepu. Kisha akatoa uzi mfukoni, katani ile ile, akaongeza alama yake karibu na vifundo vya mzee: fundo bapa la fundi cherehani, upande wa kushoto wa gari. Nikamwuliza vya zamani atavitoa.

"Vya nini kuvitoa? Vinasema kweli. Vinasema tu vikiwa vimesimama hapa."

Danieli alikuwa bado dirishani.

"Mama, nisamehe."

"Nimeshakusamehe. Ondoa kiwiko kwenye rangi."

"Jaribu mara moja zaidi. Mimi nitasimama mbele."

"Simama unapotaka. Mimi nakwenda Muheza, kuna mazoezi ya kwaya."

Danieli alikwenda akavuka lami, akasimama ng'ambo, uso kwa uso na gari. Mama Danieli alilileta mpaka ukingoni, akangoja lori la mkonge lipite. Taa ikaanza kupiga, ya njano, kali katikati ya jua lile, ukingoni mwa pete ya kromu. Danieli alikunja ngumi mbili mbele yake kama anayeshika usukani, akazitazama, akaitazama taa, akageuka mwili mzima ili atazame anakotazama mama yake. Nilimsikia kutoka ng'ambo, anasema polepole kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Kulia."

Na gari likaingia kulia.